Mamba wa Mara ana watetezi, tumbawe la Malindi lina daftari tu

Msomaji wa Malindi au Mambrui ana haki ya kuuliza mapema: mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yanatuhusu nini sisi watu wa bahari? Jibu la haraka ni kwamba chai yenyewe huja kwetu. Mnada wa chai uliokuwa Nairobi ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani ya bara hushuka hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe kabla ya kupakiwa melini. Lakini leo sina haja na bei ya kilo. Nataka tuzungumze juu ya kitu kingine kinachoshuka kutoka milimani, ambacho hakuna dalali anayekipigia mnada. Kitu hicho ni udongo.

Nilipita huko wakati wa mvua. Ukitoka Kericho mjini, ukapita Litein na Kaplong hadi Bomet, macho yanashiba kijani. Chai ya mashamba makubwa imekatwa ikawa sawasawa kama mkeka uliotandikwa juu ya vilima, huoni hata kiganja cha udongo mtupu. Kadiri unavyokaribia Bomet mkeka unachanika: kipande cha chai, kipande cha mahindi, ng'ombe watatu, njia ya miguu inayoteremka moja kwa moja hadi mtoni. Kisha ukifika mjini unavuka Nyangores. Siku hiyo maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikasimama darajani nikajiona niko Sabaki.

Hapa lazima niseme wazi, watu wasije wakanielewa vibaya. Matope ya Bomet hayafiki Malindi. Nyangores hukutana na mto mwenzake, Amala, ukazaliwa Mto Mara, na Mara baada ya safari ya kilomita 395 hivi huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania, karibu na Musoma. Mto wetu ni mwingine. Athi hutoka nyanda za juu za katikati, hupita Machakos na Makueni, ukageuka Galana, kisha Sabaki, na kumwaga mzigo wake baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mito hii miwili haikutani popote. Lakini kisa chake ni kimoja: juu kuna watu wanaolima mteremko, chini kuna mnyama anayeishi na matokeo yake. Chini ya Bomet mnyama huyo ni mamba. Chini ya Machakos ni tumbawe.

Ndiyo, tumbawe ni mnyama. Wengi wetu tumelijua kama jiwe, kwa sababu nyumba za wazee wetu zimejengwa nalo. Yale matumbawe makubwa ya mviringo ya jamii ya Porites ndiyo mafundi wa zamani waliyoyatoa majini yakiwa bado mabichi, yakachongeka kwa urahisi, yakawekwa kwenye vibla vya misikiti na vizingiti vya milango. Ukienda Gede utayaona. Lakini likiwa hai, uso wa jiwe lile umefunikwa na viumbe vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja na mdomo wake na mikono yake, na ndani ya miili yao umo mwani mdogo usioonekana kwa macho unaowapikia chakula kwa mwanga wa jua. Wao hujenga chini yao chokaa, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Sasa waweke hawa wawili pamoja. Mamba wa Mara anaweza kufikia mita tano. Hahitaji kula kila siku. Anaweza kungoja miezi. Nyumbu wanapovuka mto kati ya Julai na Oktoba hupata karamu: watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2017 walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama Mara kila mwaka, nyama ya tani 1,100 hivi, ambayo mamba peke yao hawaimalizi na iliyobaki huwalisha samaki, tai na korongo. Maji yakijaa, mamba hupanda ukingoni. Yakipungua, hujikusanya kwenye vidimbwi vilivyobaki. Maji yakichafuka humfaa zaidi, maana mawindo hayamwoni. Dunia imemweka katika kundi la wanyama wasio hatarini.

Tumbawe halina pa kwenda. Pale lilipotua likiwa bado chembe ndipo litakapofia. Joto la bahari likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, na likakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe humfukuza mwani wake, likawa jeupe kama chumvi, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Matope yakilifunika, hulazimika kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua na kuzaa. Mwezi wa Novemba 2024, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba katika aina 892 za matumbawe yanayojenga miamba zilizochunguzwa, asilimia 44 zimo hatarini kutoweka.

Kuna jambo moja wanalofanana, nalo limenishangaza. Wote wawili udhaifu wao uko katika uzazi. Mamba jike huchimba shimo kwenye mchanga mkavu wa ukingo, hutaga mayai 40 au 60, na kungoja karibu miezi mitatu. Mafuriko yakija kabla ya hapo, kiota chote kimezama. Na joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa madume au majike, kama ilivyo kwa kasa wetu. Tumbawe nalo huachia mayai yake majini, na mtoto wake lazima apate mwamba mgumu na safi wa kushika. Akikuta utando wa tope, hashiki. Kwa hiyo mto wenye mafuriko ya ghafla na udongo mwingi humsumbua mamba mara moja moja, lakini tumbawe hulifungia mlango kabisa.

Naja kwenye daftari. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa matumbawe ya Porites yaliyotobolewa hapa Malindi. Tumbawe hilo hujenga tabaka kila mwaka, kama mti unavyoweka pete, kwa hiyo ukitoa kipande kirefu kutoka juu hadi chini unaweza kuhesabu miaka. Udongo wa mto hubeba madini yaitwayo bariamu. Maji matamu yakikutana na maji ya chumvi madini hayo huachia udongo, na tumbawe huyaingiza kwenye chokaa lake. Tabaka lenye bariamu nyingi ni mwaka wa matope mengi. Hesabu yenyewe ni hiyo tu, na haihitaji mtu aliyekuwepo kuja kutoa ushahidi.

Kumbukumbu ya Malindi ilirudi nyuma miaka 300. Tumbawe lilianza kuandika karibu wakati ule Waomani walipowatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa, mwaka 1698. Na liliandika nini? Kuanzia 1700 hadi 1900, karibu hakuna mabadiliko. Sabaki ulikuwa ukileta udongo wake wa kawaida, mvua kubwa au ndogo. Kuanzia mwaka 1900 hivi mstari ukaanza kupanda, na haukurudi chini. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 70, ambapo udongo ulioshuka ulikuwa mara tano hadi mara kumi ya kiwango cha asili. Watafiti walitaja sababu: watu kuongezeka upesi, ardhi kulimwa bila mpango, misitu kukatwa, na ukame huo.

Mwaka 1900 si tarehe ya bahati nasibu. Reli iliyotoka kwetu ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni yakaanza kuipanda Kericho kwa biashara. Ili chai ipate nafasi, Wakipsigis waliondolewa kwenye ardhi yao, na ukoo wa Talai ulihamishwa wote hadi Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934. Jambo hili bado ni bichi: mwaka 2022 wazee wa huko walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mashariki ya nchi, Ukambani, mambo yalifanana: walowezi walichukua sehemu nzuri, wenyeji wakabanwa kwenye miteremko. Watu wengi juu ya mteremko mdogo maana yake ni udongo mtoni. Tumbawe halikujua siasa, lakini liliandika matokeo yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwa wepesi kwamba wakulima wadogo wa bara ndio wanaotuharibia bahari. Ni kweli kwamba utafiti uliofanywa upande wa kusini-magharibi wa Msitu wa Mau, ukachapishwa mwaka 2020, ulikuta mito inayotoka kwenye mashamba madogo ikibeba udongo mwingi kuliko mito ya msitu wa asili na ya mashamba makubwa ya chai. Nilichokiona njiani kinaafiki: chai iliyokomaa hufunika ardhi, mahindi hayafunikii, na kila njia ya ng'ombe kuelekea mtoni ni mfereji. Lakini hesabu hiyo inaanza na swali la nani alisukumwa kwenye mteremko na nani alibaki na uwanda. Na serikali nayo si mgeni katika kisa hiki. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau zilitolewa katika hifadhi kwa karatasi rasmi. Serikali hiyo hiyo mwaka 1986 ilikuwa imeanzisha ukanda wa chai wa Nyayo ili uwe ua wa kuzuia watu wasiingie msituni. Mkono mmoja unapanda ua, mwingine unafungua lango.

Na nisiwe mwongo kwa upande wetu pia: matope si muuaji peke yake. Watafiti waliochunguza hifadhi ya Malindi miaka ya 1990 hawakukuta jangwa. Walikuta mwamba uliobadilika wakazi, aina zinazostahimili tope zikiwa zimepata nafasi kubwa zaidi. Pigo kubwa lilikuja kwa joto, mwaka 1998, ambapo katika miamba mingi ya Kenya nusu ya matumbawe hai au zaidi yalikufa ndani ya msimu mmoja. Mzee yeyote aliyekuwa akizamia pweza mwaka huo anakumbuka weupe ule. Tope lina ubaya wa namna nyingine: linazuia kilichokufa kisirudi. Joto huja na kuondoka; mwamba ukiwa safi, watoto wa matumbawe hushika upya. Mwamba ukiwa na utando, tafi na pono wanapungua, na mvuvi wa mtumbwi anasukumwa kwenda mbali zaidi na chombo kisichofaa kwenda mbali.

Mwaka 2024 ulituonyesha yote kwa pamoja. Tarehe 15 Aprili wataalamu walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yako katika tukio la nne la kupauka, na Tanzania, Shelisheli na Morisi zilitajwa miongoni mwa zilizoathirika. Wiki hizo hizo mvua za masika zilifurika Kenya na kuua karibu watu 300. Mwanzoni mwa Mei, kambi za watalii ndani ya Maasai Mara zilizama na watu wakaokolewa kwa helikopta. Picha zikazunguka dunia nzima. Huku kwetu Sabaki ulikuwa mwekundu na bahari ya Mambrui ikafuata rangi yake. Sikumbuki helikopta.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka kuizungumzia, na haimo katika maumbile ya wanyama hawa. Mamba ana watetezi. Kwanza ana watalii, na watalii wana fedha. Pili, madhara yake yana bei: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 mamba yumo katika orodha ya wanyama ambao wakiua mtu, familia hustahili shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, jeraha jingine hadi milioni 2. Malipo huchelewa, waulizeni watu wa Tana na Sabaki waliopoteza jamaa zao. Lakini haki imeandikwa, na mlango wa kubisha upo. Tatu, mto wake una meza. Kila tarehe 15 Septemba, tangu 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, wanasiasa wa juu na wa chini ya mto wakakaa hema moja. Wakulima wa juu wana chama cha watumiaji wa maji. Meza hiyo haijamaliza matatizo, na mkulima wa Bomet atakuambia ana lalamiko lake la halali: yeye ndiye anayeombwa aache ukingo bila kulima ili maji yashuke safi, lakini fedha za lango la hifadhi zinaingia Kaunti ya Narok. Mamba anafaidi maji ya Bomet, Narok inafaidi mamba, na Bomet inapewa semina. Hata hivyo lalamiko hilo lina mahali pa kusemewa.

Tumbawe halimuumi mtu, labda ulikanyage. Kwa hiyo hakuna fidia. Linapokufa, anayepata hasara ni mvuvi ambaye samaki wake wamehama, na hakuna ofisi yenye fomu ya hasara hiyo. Sheria inalilinda lisivunjwe wala lisiuzwe, na Hifadhi ya Bahari ya Malindi ipo tangu 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Lakini mipaka ya hifadhi imechorwa majini. Askari wa hifadhi anaweza kumkamata kijana aliyeingia na nyavu. Hawezi kulikamata tope linaloingia na kaskazi. Wavuvi wanalijua hilo kuliko mimi. Kusi ikivuma, maji ya Sabaki husukumwa kwenda Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, mkondo hugeuka na kuyaleta kusini, moja kwa moja kwenye hifadhi, wakati ule ule wa vuli ambapo mto umejaa na wakati ule ule ambapo bahari inaanza kupata joto.

Tufanye nini basi? Kwanza tuache kukutana wenyewe kwa wenyewe. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta, na inazungumza sana habari za uchumi wa buluu. Ni vizuri. Lakini udongo unaoingia katika uchumi huo wa buluu unatoka kwa watu wasiokuwa wanachama: Machakos, Makueni, Kiambu, Nairobi yenyewe. Kupanda mikoko peke yake, huku mto ukiachwa, ni kama kufagia ua upepo ukivuma.

Pili, kuna bwawa la Thwake. Linajengwa pale Mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Bwawa la ukubwa ule hushika udongo. Kwa tumbawe hiyo inaweza kuwa nafuu. Lakini pia hushika maji, na Sabaki una wakulima wake, viboko wake na mamba wake mdomoni pale, na ufuo wa Malindi wenyewe umezoea kulishwa mchanga na mto. Kiasi gani kitaachiwa kushuka, mwezi gani, na nani atakayefungua lango? Watu wa Mara wamekuwa wakibishana miaka mingi juu ya maji ya chini kabisa ambayo mto haupaswi kupungukiwa. Sisi mjadala huo hatujauanza, na zege linamiminwa.

Sheria haikutufungia nje. Sheria ya Maji ya 2016 inaweka kamati ya kila bonde la maji, na serikali za kaunti zina nafasi ndani yake. Bonde la Athi ni letu pia, sisi ndio mwisho wake. Mnara wa Vasco da Gama uko hatua chache kutoka mahali ambapo mtalii hupanda mashua kwenda kuyatazama matumbawe. Hapo hapo pangefaa kuwekwa kipande kimoja kilichokatwa cha Porites, na mistari yake ya miaka ionekane, mbele ya kila mheshimiwa anayekuja kufungua kongamano. Amwonyeshe kidole mwaka aliozaliwa.

Na kwa wawakilishi wetu wa wadi katika bunge la Kaunti ya Kilifi nina maswali mawili, yajibiwe kabla kaskazi haijaingia: ni nani anayetuwakilisha katika kamati ya bonde la Athi, na mara ya mwisho alipokaa huko alisema nini juu ya matope?